Mwenda wa Bayeke, mshairi wa gitare kutoka Bunkeya

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya mukanda na makishi, juu ya mahari, juu ya mazishi ya wakubwa na ngoma za Batshokwe na Balunda. Ni vizuri, na iendelee. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya mtu aliyevaa suruali na shati, akashika gitare, chombo kilicholetwa na wageni, akaimba Kiswahili cha mjini. Tunajua wazee wamoja wataguna: «Ile nayo ni desturi gani?» Ni swali la haki. Tutajaribu kulijibu, lakini si kwa haraka.

Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyejiita baadaye Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, ambayo leo iko katika territoire ya Lubudi, ndani ya provense yetu ya Lualaba. Kwa hiyo, kabla ya kuwa mtu wa Likasi ao wa Lubumbashi, yeye ni mwana wa provense hii. Tunaanza na jambo hilo kwa sababu wanafunzi wetu wa Dilolo, tukiwauliza majina ya washairi, wanataja Lamartine na Victor Hugo bila kusita. Wachache wanataja Senghor. Wa hapa kwetu, hata mmoja. Na ukiwauliza kama wimbo ni shairi, wanacheka.

Bunkeya si kijiji tu kama vingine. Katika karne ya 19 ilikuwa mji mkuu wa Msiri, Ngelengwa, mtu aliyetoka upande wa Unyamwezi, kwa Basumbwa, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Baba yake Kalasa alikuja kabla yake kutafuta shaba. Mtoto alikuja, akabaki, akajenga ufalme wa Garenganze. Alichukua nguvu kwa Basanga na kwa wengine, akamnyima Kazembe wa Balunda sehemu ya mali yake, na jambo hilo watu wengine hawajasahau hata leo. Biashara yake ilikwenda pande mbili. Mashariki, misafara ilibeba pembe za tembo na shaba kuelekea Tabora na Unguja. Magharibi, ilipita inchi zetu hizi kuelekea Bihe na Benguela. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson, wa msafara wa Stairs, alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akauawa pale pale. Hiyo inafundishwa darasani. Kitu kisichofundishwa sana ni nani alikuwa nyuma ya misafara ile.

Huko Unguja, vitambaa, shanga na bunduki zilitolewa kwa mkopo, na waliokopesha walikuwa hasa Wahindi wa Kachchi na Gujarati. Nyumba ya Jairam Shivji ilishika forodha ya sultani kwa miaka mingi. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Hivi mfanyabiashara aliyekaa na daftari yake ya Kigujarati kando ya bahari alikuwa na mkono wake hata katika maisha ya Bunkeya, hata kama hakuiona Bunkeya kwa macho. Tunayasema haya si kwa kupamba. Tutahitaji Wagujarati tena mbele kidogo, maana wana aina moja ya shairi ambayo inatusaidia kumuelewa Mwenda kuliko vitabu vya Kifaransa tulivyosoma huko instituti.

Turudi kwa mtoto wa 1930. Jina la ubatizo alilopewa ni la Don Bosco, mtakatifu wa mapadri Wasalesiani, ambao walifika Elisabethville mwaka wa 1911. Jina lingine, Mwenda, ni zito: ni jina la wafalme wa Bayeke wenyewe. Wazungu waliolikuta kwenye diski walichanganyikiwa, hawakujua lipi ni la mtu na lipi ni la kanisa, ndiyo maana utaona mara Jean Bosco Mwenda, mara Mwenda Jean Bosco, mara Bosco tu. Alisoma shule, akafanya kazi ya ofisi mjini Jadotville, mji unaoitwa Likasi tangu 1966. Kwa hiyo hakuwa mchimbaji wa shaba, wala hakuwa muimbaji wa kulala njiani. Alikuwa mtu wa kalamu mchana na wa gitare jioni. Tunafikiri hilo linasikika katika kazi yake: kila kitu kiko mahali pake, hakuna nota inayotupwa bure.

Gitare ilifikaje Katanga? Ilikuja na njia ya reli na kazi. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai, kutoka Ruanda. Kila mmoja alikuja na nyimbo zake, na maduka ya Wagiriki na Wareno yaliuza gitare pamoja na chumvi na vitambaa. Njia ya reli ya kutoka Lobito ilipita hapa kwetu Dilolo na kuungana na Tenke mwaka wa 1931. Sisi watu wa Dilolo tunapenda kujiona tuko mwisho wa dunia, lakini wakati ule tulikuwa mlangoni. Reli ile ilikatika juu ya vita ya Angola mwaka wa 1975, ikangoja zaidi ya miaka 40 kufunguliwa tena.

Katika kampi za wafanyakazi, watu wa lugha nyingi waliishi mlango kwa mlango. Hapo Kiswahili cha Katanga kilipata mwili wake. Muimbaji aliyetaka kusikilizwa na jirani Muluba, Mubemba, Musanga na Mutshokwe alilazimika kuimba Kiswahili, hata kama moyoni alisali katika lugha nyingine. Mwenda aliimba hasa Kiswahili hicho, akachanganya na lugha za nyumbani pale zilipomfaa.

Mwaka wa 1952 Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey alipita Katanga na gari lenye mashine ya kurekodi. Alikuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, akisaidiwa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Huko Jadotville alimkuta kijana wa miaka 22 anapiga gitare barabarani. Alimrekodi. Kati ya nyimbo hizo kulikuwa na Masanga na Bombalaka. Diski zile za zamani, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, nyeusi, nzito, rahisi kuvunjika, zilitoka kwa jina la Gallotone na kutembea Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki yote. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha maktaba yake kubwa ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Makhanda (zamani Grahamstown), katika inchi ya Afrika ya Kusini. Sauti ya mwana wa Bunkeya imehifadhiwa huko, kilomita maelfu kutoka Bunkeya. Kila mmoja apime mwenyewe kama ni jambo la kushukuru ao la kusikitikia. Sisi tunashukuru na kusikitika pamoja.

Jina lile la Masanga limezua maneno mengi. Mtu wa Kinshasa akilisikia anafikiri pombe moja kwa moja, kwani kwa Kilingala masanga ni pombe. Tumesikia mabishano ya namna hiyo kwenye viti vya baa, na tunawaachia wenye viti.

Sasa gitare yenyewe. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na kile cha kuonyesha. Gumba kinashika nyuzi za chini, kinatembea kama mguu wa mtu anayejua anakokwenda. Kidole cha pili kinacheza juu, kinauliza, kinajibu, kinachelewa makusudi. Juu ya vyote viwili inakuja sauti, nayo haifuati kimoja wala kingine. Mtu asiyemuona anaapa kwamba ni watu wawili wanapiga. Mtoto mmoja wa jirani, tulipomsikilizisha wimbo ule kwenye simu, aliuliza: «Ule wa pili, jina yake nani?» Wakubwa wengi wameuliza hivyo hivyo kabla yake.

David Rycroft, aliyefundisha chuo kikuu cha London, aliandika masomo mawili marefu juu ya gitare ya Mwenda katika jarida African Music, mwaka wa 1961 na wa 1962. Aliweka kwenye karatasi, nota kwa nota, namna Mwenda alivyopiga. Na aliona kitu ambacho wazee wetu wapiga likembe wangemwambia bila karatasi: Mwenda hakurudia wimbo sawasawa. Kila mara wimbo unarudi umebadilika kidogo, sehemu moja imeongezwa, nyingine imefupishwa, lakini kila mtu anaujua kuwa ni ule ule. Hapa tunaanza kuwajibu wazee walioguna. Chombo ni cha mgeni, kweli. Lakini namna ya kukitumia, yaani kuzungusha kitu kimoja na kukigeuza kidogo kidogo mpaka msikilizaji aingie ndani, hiyo haikushuka kwenye meli pamoja na gitare. Iko kwenye likembe, iko kwenye ngoma, iko hata kwenye jembe wakati watu wanalima pamoja.

Tufike kwenye maneno, juu ya hapo ndipo tunatofautiana na wengi. Wageni walioandika juu ya Mwenda wamesifu vidole na kuyapita maneno. Wamoja waliona kwamba mistari ya nyimbo za gitare za Katanga haishikamani: mstari mmoja unaongea juu ya bibi, unaofuata juu ya safari, unaofuata unasalimia rafiki kwa jina, kisha mali imekwisha, kisha mama. Wakafikiri maneno ni ya kujazia tu. Hata walimu wenzetu wanasema hivyo: «Haina kichwa wala miguu, utaichambua namna gani mbele ya watoto?»

Hapa ndipo Wagujarati wanaporudi. Wao wana shairi linaloitwa ghazali. Lilizaliwa kwa Waarabu, likakomaa kwa Waajemi, likaingia Uhindi kwa Kiurdu, na katika karne ya 19 likachukuliwa na Kigujarati. Balashankar Kantharia, aliyeishi kati ya 1858 na 1898, ni mmoja wa waliolifungulia njia. Baada yake alikuja mtawala mdogo wa Lathi, aliyejiita Kalapi, akafa mwaka wa 1900 akiwa na miaka 26 tu. Ghazali ni ya mapenzi, ya uchungu, mara ya pombe, mara ya Mungu, na mara nyingi huwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Sheria yake ya kwanza ni hii: kila mistari miwili inasimama peke yake. Haiungwi na ile ya juu wala ya chini kwa hadithi. Kinachozifunga pamoja ni vina, na neno lile lile linalorudi mwishoni. Na katika mistari ya mwisho mshairi anataja jina lake la ushairi, kama mtu anayeweka sahihi.

Hakuna mtu Surati ao Mumbai anayesema kwamba ghazali haina kichwa wala miguu. Wanaijua namna yake. Wanaweza kuchukua mistari miwili tu, wakaitumia kwenye mazungumzo, arusini, kwenye kilio, bila kujali iliyobaki. Tukitazama nyimbo za Mwenda na wenzake kwa macho hayo, mambo yanabadilika. Mistari ni kama shanga, na gitare ndiyo uzi. Kinachorudi daima si neno la mwisho, ni ile sehemu ya gitare inayozunguka. Na sahihi? Wapiga gitare wa Katanga wana desturi ya kujitaja ndani ya wimbo, na kutaja rafiki na mji pia. Si kiburi. Ni kusema: haya yametoka kwangu, nikitoka yasipotee bila mwenyewe.

Hatusemi kwamba Mwenda aliiga ghazali. Hapana. Hakuhitaji. Huko pwani, ndiyo, kulikuwa na kukutana: Siti binti Saad wa Unguja alipanda meli mwaka wa 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na taarabu imekula chumvi ya Uhindi tangu zamani. Lakini Jadotville si Unguja. Tunachosema ni kwamba watu wawili walio mbali wanaweza kufika kwenye njia moja, na yule ambaye njia yake imepewa jina na sheria anaheshimiwa kama mshairi, na mwingine anaitwa mpiga gitare wa barabarani. Tofauti iko kwa watazamaji.

Tena kuna hili. Kampi ya wafanyakazi haikuwa kijiji. Katika kijiji wimbo unaweza kusimulia habari moja ndefu kwa sababu wasikilizaji wote wanawajua mababu wanaotajwa. Katika kampi, mwenye kusikiliza anapita. Ametoka kazi saa ya kingele, anakwenda kunywa maji, anasimama dakika mbili, anaondoka. Mstari mmoja unapaswa kumfikia na kumtosha. Mwenda aliimba barabarani kwa watu wanaopita, na nyimbo zake zimejengwa kwa ajili yao. Tukiona ni ufundi kwa Mgujarati, kwa nini iwe ni upungufu kwa Muyeke?

Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na ndugu yake Edouard Masengo naye alifika huko. Masengo alikuwa mtu wa Jecoke, kile kikundi cha vijana wa commune ya Kenya mjini Elisabethville waliochekesha na kuimba. Watu wa Kenya walikuwa wanamjua Mwenda kwa diski, sasa walimuona. Wapiga gitare wa magharibi ya Kenya walichukua ile namna ya vidole viwili wakaitia katika lugha zao. Vijana wa Zambia, wa Malawi na wa Zimbabwe walijifunza Masanga kwa kuweka sindano ya gramafoni nyuma na nyuma tena mpaka diski ikachakaa. Kuna wazee huko wanaopiga wimbo huo wakidhani ni wa babu zao. Kwa mshairi, hiyo ni heshima kubwa, na pia ni wizi mdogo usio na mwizi.

Kisha ikaja 1960. Uhuru tarehe 30 Juni, kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai. Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga alikuwa Godefroid Munongo, wa uzao wa Msiri. Kwa miaka ile mpaka Januari 1963, na hata baadaye, kuitwa Muyeke, na kubeba jina la Mwenda, hakukuwa jambo jepesi: upande mmoja lilikufungulia milango, upande mwingine lilikufungia. Hatutaingia katika siasa hiyo. Lakini tunaigusa kwa sababu hata sasa, tukitaja jina la Mwenda kati ya watu wa Dilolo, kuna anayesema: «Ule ni wa Bayeke, siye ni Balunda na Batshokwe, anatuhusu nini?» Tumesikia hivyo mara nyingi, na katika provense ambayo imeona watu wakifukuzana juu ya kabila, hatuwezi kucheka tu na kupita. Jibu letu ni la mwalimu: sikiliza lugha. Aliimba kwa lugha ambayo wewe unaitumia sokoni na kwenye kituo cha treni. Aliyekijenga Kiswahili hiki kwa wimbo ametujengea sote, hata kama babu yake alimpiga babu yetu.

Mwaka wa 1969 alisafiri mpaka Marekani, akapiga katika tamasha la Newport mbele ya watu waliokuja kusikiliza nyimbo za kienyeji za inchi mbalimbali. Kisha wakati wa Mobutu na authenticité, majina ya ubatizo yalipokatazwa mwaka wa 1972, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Wengine walilazimishwa kutafuta jina. Yeye alikuwa nalo tayari, na tunaona alilitafuta jina la watu wake kwa furaha kuliko wengi. Katanga nayo ikawa Shaba.

Miaka ya 1970 haikuwa ya gitare kavu. Orkestra za Kinshasa zilikuwa zimefunika kila kitu: gitare za umeme, ngoma za chuma, suti, wachezaji. Wapigaji wa vidole viwili wakaonekana watu wa kale. Hapa kwetu ilikuwa pia miaka ya mashaka makubwa, vita ya Machi 1977 iliyoingilia upande huu wa mpaka, na ile ya Mei 1978 Kolwezi. Nani angekuwa na hamu ya kumtafuta mpiga gitare wa 1952? Aliyemtafuta ni kijana wa kizungu, John Low, mpiga gitare naye, aliyekuja mwaka wa 1979 mpaka Lubumbashi kuwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo na kukaa miguuni pao ajifunze. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, Shaba Diary, kilitoka mwaka wa 1982. Ni kitabu cha maana, tunakipendekeza kwa anayesoma Kiingereza. Lakini inauma kidogo kwamba mwanafunzi mwenye bidii alitoka mbali hivyo, wakati shule zetu zilikuwa mlangoni.

Mwaka wa 1988 alirekodi tena, safari hii mjini Cape Town, katika studio nzuri, akiwa na miaka 58. Diski hiyo ilitoka Marekani mwaka wa 1994. Aliyeisikia baada ya zile za 1952 anaona kitu kimoja: kidole hakikuzeeka. Sauti imeshuka, imekuwa ya baba, lakini gumba kinatembea vile vile. Mwenyewe hakuiona ikitoka. Mwezi wa Septemba 1990 alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia.

Tunapokumbuka kifo hicho tunamkumbuka Mgujarati mwingine, kwani maisha yao yanafanana kwa namna ya ajabu. Aliitwa Abbas Vasi, alizaliwa Surati mwaka wa 1917, na jina lake la ushairi lilikuwa Mareez. Maana yake ni mgonjwa. Mizizi yake ya Kiarabu ndiyo ile ya neno letu maradhi. Shuleni hakufika mbali, aliacha madarasa ya chini kabisa. Alifanya kazi katika kiwanda cha mpira Mumbai, kisha katika magazeti. Alipenda pombe na daima alikuwa na deni. Akakosa pesa kiasi cha kuuza ghazali zake kwa watu wenye mali waliotaka kuitwa washairi: wao wakasoma kwa sauti katika mikutano, wakapigiwa makofi, na yeye alikaa nyuma akisikiliza maneno yake mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza chenye jina lake, Aagman, kilitoka mwaka wa 1975 tu, alipokuwa na miaka 58, cha pili baada ya kifo. Mwaka wa 1983 aligongwa na riksho karibu na nyumbani kwake, akapasuliwa, akafa siku chache baadaye. Leo watu wake wanamuita Ghalib wa Gujarati, yaani wanamlinganisha na mkubwa wa Kiurdu.

Mwenda hakuwa mlevi wala hakuuza nyimbo kwa kificho, tusiwachanganye. Lakini wote wawili maneno yao yalitangulia majina yao, yakatembea midomoni mwa watu wengine. Tofauti ni kwamba Wagujarati waliamka. Walikusanya ghazali za Mareez, wakazichapa, watoto wanazisoma. Kwetu, nota za gitare ya Mwenda ziko kwenye karatasi tangu 1961, kwa kazi ya mgeni. Maneno yake je? Mwalimu wa Dilolo akitaka kuyaandika ubaoni anapaswa kusikiliza sauti yenye mikwaruzo, na kukisia. Watoto wanasaidia: mmoja anasikia neno la Kisanga, mwingine anabisha ni la Kiluba, wa tatu, ambaye bibi yake alikaa Likasi, anasema zamani watu walikuwa wanalitamka hivyo. Saa ya somo inakwisha tukiwa kwenye mstari wa tatu. Ni masomo mazuri kuliko mengi tuliyofundisha, lakini kwa mwendo huo hatutamaliza.

Wale wanaojua wimbo kwa moyo bado wako, lakini wamepungua. Aliyekuwa na miaka 15 wakati diski ya kwanza ilipotoka alizaliwa mwaka wa 1937, mwaka ule ule Kolwezi ilipoanza. Hatuna vingi vya namna hiyo vya kungojea. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, na kati ya watu wanaofika kuna wazee waliomuona Mwenda kwa macho, waliocheza nyimbo zake wakiwa vijana. Chama chetu kingeweza kutuma watu wawili na simu yenye nafasi ya kutosha, wakae nao siku mbili, waulize neno kwa neno. Njia ya kutoka hapa ni ndefu na Desemba ni mwezi wa mvua, kwa hiyo waondoke mapema, walale Kolwezi, na wapewe nauli ya kwenda na kurudi, si ya kwenda tu kama ilivyo mazoea. Na msomaji yeyote mwenye diski za zamani nyumbani, hata iliyopasuka, hata bila gramafoni, asiitupe. Jina lililoandikwa katikati, kwenye ile karatasi ya mviringo, linatusaidia.